Usiite Jina la Pili

Akiru, mwanangu, usikunje hii karatasi uweke kwa mkoba useme utasoma ukifika. Soma sasa, kabla watu wa mume wako Boni wakuje na pikapu yao asubuhi kukurudisha kwake. Na usiseme, "Toto ameanza tena," na hiyo Toto yako ya Kiteso ya kuita mama. Ndiyo, nimeanza tena. Nimekuja kukaa hapa kwa Imelda, mke wa katekista, kwa sababu nyumbani nikifungua mdomo wewe unafunga masikio. Na mimi mkono wangu haujui kalamu, unajua mwiko tu. Imelda ananiandikia. Nimemwambia aandike vile nasema, asipange maneno ikae kama ya kanisa. Ameniuliza, "Hata matusi, mama?" Nikamwambia matusi ndiyo ya kwanza.

Sitakuambia habari ya kufagia uwanja ama kuamka mapema ama chai ya mume. Hiyo utafundishwa na mama mkwe wako, Mama Boni. Yeye anajua sana kufundisha. Mimi nataka kusema juu ya kitu moja. Jana ukiosha mtoto kwa karai ulisema neno. Ulisema polepole, kama mtu anaongea na sabuni. Ulisema, "Pengine mngewaacha wamalize majina, mimi singelazwa."

Imelda, andika hiyo neno vile iko. Usiipunguze.

Akiru, tangu hiyo jana chakula haishuki. Leo nimepeleka njugu kwa foleni ya malori nikampatia dereva mmoja njugu ya mwenzake. Akaniuliza, "Mama Njugu, leo umegombana na nani?" Nikamwambia, "Na mtoto wangu, lakini yeye hajui bado." Sasa ujue.

Wewe hukuwa huko. Mwili ulikuwa huko, lakini wewe hukuwa. Kila kitu unajua juu ya kuzaa kwako umeambiwa na Mama Boni na mashangazi, wakati walikuja hapa kukuona wakakaa kwa kitanda chako na sauti ya chini. Walikuambia mtoto alikataa majina ya ukoo wao. Walikuambia mizimu ilikupanda kwa sababu mama yako ana mdomo. Walikuambia nilikunyakua, nikakupeleka mahali watu wanafungwa mipira kama mbuzi wa mnada. Na wewe ukaamini, kwa sababu mtu mwenye hakumbuki kitu anaamini mwenye ameongea kwanza. Mimi naongea wa pili. Lakini mimi nilikuwa huko macho wazi.

Nianze na ujinga wangu, ndiyo usiseme najipaka mafuta. Ile siku nilikuja kwa mume wako Angurai kukuona, mkiwa mnafunga tumbaku, ulitoka nje uso umejaa kama mwezi. Mguu haiingii kwa ndala. Pete imezama kwa kidole. Na mimi, badala ya kuogopa, nikapiga kigelegele! Nikasema, "Angalieni vile ndoa imemkubali mtoto wangu!" Ukanivuta kando ukaniambia, "Toto, kichwa inaniuma sana, na nikisimama naona nyota mchana." Nikakujibu nini? Nikasema huyo ni mtoto wa kiume, wa kiume wanakujanga na vita. Nikakula kuku yao nikarudi Malaba, nikatangazia soko yote vile binti yangu amenona. Hiyo haikuwa kunona. Hiyo ilikuwa maji na presha. Mwili ulikuwa unapiga nduru na mimi nacheza ngoma yake.

Na kliniki? Siku yako ya kliniki Mama Boni alisema tumbaku haingoji. Kweli, tumbaku haingoji. Sasa tumbo ndiyo inangoja?

Basi. Mimi niko kwa foleni, beseni kichwani, Wafula wa baiskeli akakuja mbio, yule bodaboda wa kutoka kule juu. Hakusalimia. "Mama, panda."

"Kuna nini?"

"Panda kwanza. Binti yako amezaa, lakini wanasema amepandwa."

Nilipanda na beseni. Kwa ile mlima akaanza kupumua kama ng'ombe wa jembe. "Mama, wewe ni mzito, shuka kidogo tusukume."

"Wafula, ukisimama nitakuuma."

Hakusimama. Njugu yangu yote ilimwagika njiani, kuku za watu zilikula vizuri siku hiyo.

Nilipofika, nilisikia majina kabla nione mtu. "Opolot! Erukan! Ikwap!" Nikajua wanampa mtoto jina. Nikafurahi hata! Nikasema Wafula ni mwongo, hapa ni sherehe. Unajua hii desturi yetu na mimi siitukani: nyanya anachovya kidole kwa ajon, hii pombe yetu ya wimbi, anaweka kwa mdomo wa mtoto, anaita jina la marehemu wa ukoo. Mtoto akinyonya hicho kidole, amekubali, huyo marehemu amerudi, watu wanaingiza mirija kwa nyungu wanakunywa. Ni kitu kizuri. Wewe mwenyewe ulinyonya jina la kwanza, mvua ikinyesha, karibu ung'oe kidole cha nyanya yako.

Nikaingia. Wewe ulikuwa kwa mkeka. Macho nyeupe. Povu na damu kwa mdomo, umeuma ulimi, mkono inapiga chini yenyewe, pa, pa, pa. Shangazi mmoja anakupepea na majani. Na mtoto ako kando ya jiko, amefungwa na sweta ya Boni, mdogo, Akiru, mkono mzima kama kidole changu. Midomo bluu. Hata halii. Mama Boni amepiga magoti hapo na kidole chake ndani ya kibuyu.

"Mtoto amezaliwa saa ngapi?"

"Jua likitoka," akasema. "Amekuja kabla ya miezi yake, na amekuja na kiburi. Amekataa wazee wote wa upande wa baba."

Na jua wakati huo lilikuwa limeanza kuinama.

"Amenyonya maziwa?"

"Atanyonyaje kabla ajulikane ni nani?"

Imelda ameweka kalamu chini. Ananiangalia. Ndiyo, Imelda, hivyo ndivyo alisema, na hakuwa anacheka.

"Na huyu wangu?"

"Huyo wamempanda. Wamekasirika. Mtoto akipata jina lake, watamwachilia."

"Boni mwenyewe ako wapi?"

"Ameenda ng'ambo, upande wa Tororo. Kuna mzee huko anajua majina ya zamani zaidi. Haya ya hapa yameisha."

Akiru! Majina yalikuwa yameisha! Wameita babu mpaka babu wamemalizika, na hakuna mtu mmoja kwa hiyo nyumba ameuliza kama mtoto anaweza kufungua mdomo! Baba yake amevuka mpaka na baiskeli kutafuta majina, mke wake anatafuna ulimi!

Nikachukua mtoto. Mama Boni akashika sweta. "Huyo ni wa ukoo wetu! Na wewe ni mkwe, hata kuingia hapa ndani si ruhusa yako!"

Nikamwambia, "Ukoo mtamchukua akikua. Sasa hivi ni wa mwenye ana miguu."

Hapo nje kulikuwa na pikapu inabeba tumbaku. Nikasimama mbele yake. Dereva akasema, "Mama, nina mzigo wa watu, inangojewa." Nikamwuliza, "Mzigo yako inatetemeka?" Akaangalia mlangoni, akaona vile Wafula na shangazi mmoja wanakutoa umeshikwa mabega na miguu. Alishusha nusu, hiyo nusu ingine tukakulaza juu yake. Ulinuka tumbaku mpaka hospitali wakaniuliza kama unavutanga.

Kuna dispensari tulipitia. Sitaitaja, Imelda anaogopa kesi. Mtu wa koti nyeupe akatoka, akainua sweta na vidole viwili kama mtu anaangalia nyama ya jana. Akasema, "Mama, huyu mtoto ni wa Mungu. Rudini mpumzike." Na wewe? Sindano ya kutuliza haiko, dawa haijaletwa. Nikamwambia, "Hata mimi ni wa Mungu, na bado nakula." Nilimwambia na mengine. Dereva ndiye alinivuta kwa gari.

Halafu Malaba. Unajua foleni vile inakuwanga. Malori yamejaa lami pande zote, wanangoja forodha, wengine wamelala chini ya gari, wengine wanapika. Pikapu haiwezi kupita. Nikashuka na mtoto ndani ya blauzi, nikaanza kupiga milango ya malori na mkono. "Nyinyi mnakula njugu yangu! Leo mtanitambua! Songeni! Mtoto wangu anakufa!" Taniboi mmoja akaniambia, "Boss, tutasonga wapi, kwa hewa?" Nikamwambia ndiyo, kwa hewa! Basi wakaanza kupigiana honi, moja, ingine, ingine, mpaka mbele kabisa. Mwanaume mmoja wa kutoka pwani, simjui jina, alitia gurudumu zake kwa mtaro na mzigo juu, lori ikalala upande kama mlevi, ndiyo sisi tupite. Akiru, huyo mtu hakujua jina la mtoto. Hakuuliza ni wa ukoo gani.

Tulifika hospitali kubwa. Wakakuchukua mlango mmoja, mtoto mlango mwingine. Mimi nikabaki kwa korido katikati, sijui nifuate nani. Nikienda kwako, huyu akikata roho? Nikienda kwa huyu, wewe je? Nilikuwa natembea tu, mlango huu, mlango huu, mpaka mfagiaji akaniambia, "Mama, unachafua penye nimepiga deki." Nilimjibu vibaya. Baadaye nilimwomba msamaha. Hapana, sikumwomba. Nilitaka.

Kulikuwa na sista mmoja hapo, Mjaluo, mrefu, Sista Pamela. Yeye ndiye alivumilia mdomo yangu. Nilimshika mkono nikamwuliza, "Kwa nini mnatenga mtoto na titi? Na huyu binti mmemfunga mipira ya nini? Si ameshazaa? Si imeisha?"

Akasema, "Haijaisha, mama yangu. Watu wanafikiri mtoto akitoka, hatari imetoka na yeye. Presha ya binti yako imepanda mpaka kwa ubongo, ndiyo anatetemeka. Siku za kwanza baada ya kuzaa bado tunaogopa. Anaweza kushikwa tena. Anaweza kuvuja damu. Figo inaweza kunyamaza. Hiyo mpira ya chini ni ya kuona kama mkojo unatoka. Hiyo ya mkono ni dawa, inaingia polepole, na lazima mtu akae hapo aangalie isizidi. Na vile amelala, hata mate yake hawezi kumeza, inaweza kumziba pumzi. Kwa wodi ile ingine sista ni mmoja na wagonjwa wamejaa mpaka chini. Huku kuna macho karibu, saa yote. Hiyo tu ndiyo siri ya hii chumba, mama. Macho na mashine kidogo."

"Na mdogo?"

Akanipeleka kwa dirisha. Ako ndani ya sanduku la kioo, amevaa kofia ya soksi, mpira kwa pua. "Huyu hana mafuta ya mwili. Anapoa kama chai kwa sahani. Mapafu yake bado inajifunza. Na ameshinda njaa, kwa hivyo sukari ya damu imeshuka. Ikishuka analala, akilala hanyonyi, asiponyonya inashuka zaidi. Hivyo ndivyo wanaenda, kimya kimya."

Nikamwambia mtoto amekataa majina. Nilijua atacheka. Hakucheka. Alisema, "Hajakataa mtu yeyote. Kunyonya ni kazi, mama. Wewe ukiwa mgonjwa wa mwisho, nikuwekee ugali kwa mkono, utakula? Mtoto mchanga akiacha kunyonya, huko ndiko kupiga nduru kwake. Hana ingine."

Akiru, nilitoka nje nikakaa chini kwa simiti.

Sijakuambia hii. Imelda, usilie, utalowesha karatasi. Kabla yako na kabla ya kaka zako kulikuwa na mtoto. Wa kwanza kabisa. Kijana. Alizaliwa akiwa mzima, akanyonya siku ya kwanza vizuri, halafu akawa moto, halafu akaacha kunyonya. Jina alikuwa bado hajapewa. Nyanya ya baba yako akaleta ajon. Akaita, akaita. Mtoto anageuza uso. Wakasema anakataa, tumtafutie mwenye anamtaka. Wakatuma watu huku na huku kuuliza majina. Akakufa wakiwa bado wanauliza. Alizikwa kando ya migomba bila jina, kwa sababu, walisema, alikataa yote.

Na unajua mimi nilifanya nini? Nilimkasirikia. Mtoto amekufa, na mimi mama yake nimemkasirikia. Nikipita hapo kwa migomba na mtungi wa maji, nilikuwa namwambia kwa roho, "Ulikataa watu wetu. Haya, lala." Miaka yote hiyo. Nilizaa, nikazeeka, nikaanza kuuza njugu, na bado nikipita hapo nageuza uso, kama yeye. Kumbe alikuwa ananiita! Kumbe ndiyo ilikuwa nduru yake, na mimi niko hapo nimeshika kibuyu!

Sasa hiyo hasira niipeleke wapi? Nyanya wa baba yako amekufa. Baba yako amekufa. Na hawakuwa watu wabaya, hiyo ndiyo inaniuma. Walikuwa wazuri, walilia na mimi. Mtu mbaya ungemtukana ukapona.

Basi nikarudi ndani nikamwambia Sista Pamela, "Niambie nifanye nini."

Akanipa kikombe kidogo. Dawa ilikuwa imeanza kutuliza mwili wako, lakini bado hukujua mtu. Akaniambia hiyo maziwa ya kwanza, ile ya manjano, ni dawa ya mtoto. Ile sisi tulikuwanga tunamwaga chini tukisema ni uchafu! Akanionyesha vile ya kushika. Nikakukamua, mwanangu. Ulikuwa umelala na mipira yako, macho imefunga, na mimi mama yako nimeinama juu yako nakukamua kama ng'ombe, tone, tone, kwa kikombe. Halafu nabeba mpaka mlango ule mwingine, kwa mikono miwili, kama mtu anabeba kaa la moto, wanamtilia kwa mpira wa pua. Narudi. Nakamua tena. Wewe unasema walikufunga. Mimi ndiye nilikufunga leso kichwani ukapendeza, wakati walikukata hiyo nywele ilikuwa imeshikana na povu.

Na hospitali yenyewe usifikiri naisifu. Siku moja mchana mvua ilipiga na stima ikapotea. Sanduku la kioo likazima taa. Sista Pamela akapiga kelele, "Jenereta!" Mtu wa jenereta akasema dizeli imeisha. Dizeli! Na huku Malaba malori yamejaa tangi mpaka yanadondosha kwa lami! Nilisema maneno hapo, nikataja serikali, nikataja mama zao. Sista akanishika bega: "Mama, nyamaza kwanza. Vua blauzi."

Nikavua, mimi mzee hivi, mbele ya watu. Akamtoa mtoto akamweka hapa, ngozi kwa ngozi, kofia yake chini ya kidevu changu, mpira bado kwa pua, akatufunika na blanketi. "Wewe ndiye stima sasa," akasema.

Basi nikakaa. Na vile unanijua, nikikaa mdomo haikai. Nikaanza upya. Nilitukana mtu wa dizeli. Nilitukana yule wa koti nyeupe. Nikamtukana Boni na baiskeli yake. Nikafika kwa Mama Boni, nikatukana kidole chake, nikatukana kibuyu, nikatukana tumbaku jani kwa jani, na nikawa nimefika kwa mbuzi zake, zile za pembe moja. Ndiyo nikasikia kitu. Kama mtu anabana na kibanio cha nguo, lakini laini. Nikaangalia chini. Amepata titi langu, hili limekauka kama ganda la njugu, halina kitu tangu wewe uache, na ananyonya. Polepole, anapumzika, ananyonya.

Niliita, "Sista!" Akakuja mbio.

Na watu wanasema mama yako ana mdomo. Ndiyo. Asante.

Ndiyo Boni akatokea, na yule mzee wa ng'ambo na kofia yake. Boni alikuja anataka kusema kitu kikubwa, lakini alipokuona na mipira yako alishika ukuta akalia, na hiyo machozi nimemwekea, kwa sababu hiyo nakuruhusu urudi kwake. Mzee akapelekwa kwa dirisha, sanduku lilikuwa limewaka tena. Akaangalia sana. Akasema, "Boni, mlinitoa shambani kwa hii? Hata mimi mkinitia bomba kwa pua nitakataa ajon." Hapo ndipo nilicheka mara ya kwanza. Akaniuliza kama kuna chai.

Lakini Boni aliona na kitu ingine, na hiyo ndiyo imemharibu. Mama wa kitanda cha pili, mtu wa Chakol, walimfunika shuka akiwa hapo. Sasa amesema mbele yangu ati ile ni chumba cha kufia, mtoto ujao utazalia nyumbani, hakuna mke wake ataingia huko tena. Akiru, huyo mama wa Chakol niliona vile aliletwa. Alizaa nyumbani, akavuja damu, wakampa uji, wakampa mizizi, wakampa maombi, wakamleta wakati damu imeisha. Mtu akitolewa mtoni amekunywa maji yote, utasema kamba ndiyo imemuua? Sikuambii hiyo chumba inashinda kifo. Haishindi kila siku. Nakuambia hao walijaribu na wewe ulikuwa na pumzi ya kujaribiwa. Na Sista Pamela alisema hiyo presha inaweza kurudi na mimba ingine. Ujao, uende kliniki hata kama tumbaku inaungua shambani, na uzalie kwa hospitali kubwa. Boni akikataa, tuma Wafula. Nimeshamwambia. Anasema atakuja kwa baiskeli, bora si mimi anabeba.

Najua kwa nini ulisema ile neno jana. Unataka amani. Wewe ndiye utachota maji na hao watu, si mimi. Kuamini hadithi yao ni rahisi, kwa sababu ya kwangu inataka ukasirike, na mtu hawezi kuingia nyumba ya mume akiwa amekasirika. Sawa. Wacha hasira na mimi, mimi nimezoea kuibeba, ni kama beseni. Wewe beba tu kile kilifanyika.

Ya kesho, Mama Boni ametengeneza ajon. Nasikia nyungu ni kubwa. Watamaliza jina lake. Wacha wamalize. Sitakuja kuharibu, Imelda amenifanya niahidi, na katekista ameitwa ashuhudie. Mtoto atanyonya jina la kwanza watakalotaja, Opolot, Erukan, sijui nani, kwa sababu siku hizi hata ukimpa kidole cha mguu atanyonya. Watapiga vigelegele waseme hasira ya wazee imeisha. Wewe cheka na wao, ukunywe kidogo. Jina ni lao.

Leo kabla nije huku nilipitia kwa migomba. Sikugeuza uso. Nilisimama hapo nikachovya kidole kwa maji ya mtungi, ajon sikuwa nayo, nikatilia chini kidogo. Sikuita jina. Nilimwambia tu nimesikia.

Kwa hivyo sikia na wewe. Siku yoyote, awe huyu ama mwingine Mungu atakupa, ukimwekea kitu kwa mdomo ageuze uso, awe baridi, awe moto, alale vile hataki kuamka, usiite jina la pili. Usingoje baba yake arudi, usingoje mama mkwe akubali. Mfunge kwa kifua na utoke, hata kama ni wewe peke yako kwa barabara, upige kila mlango wa lori.

Foleni wananijua. Sema tu wewe ni wa Mama Njugu. Watasonga.